Chupa Isiyo na Kizibo

Kazi yangu hapa gati la Malindi ni kunusa.
Meli ndogo nyeupe ikitia nanga nje ya miamba,
wiki nzima hadi Kiwayu, Shimoni na kurudi,
mimi huketi penye meza ya bati,
glavu mikononi, sheria ukutani:
kila msafiri chupa moja ya mvinyo,
iwe imezibwa kiwandani;
vikali marufuku;
na atakayetaka kuinywea mezani
atalipa elfu moja mia tano, ada ya kufunguliwa.

Mimi Shee Bwanaheri, ambaye ulimi wangu
haujaonja hata togwa iliyolala,
pua yangu imeshafika kila baa.
Nimefungua shampuu, ikanukia jini.
Nimefungua dawa ya kikohozi, ikanikohoza.
Bwana harusi mmoja alificha vodka ndani ya darubini:
nilipoiinua nitazame bahari
bahari ikanimwagikia jichoni.
Siwalaumu.
Bei za huko juu nimeziona:
soda moja, nauli ya Watamu, kwenda na kurudi.

Jumapili ile alitangulia Ezio wa Casuarina,
mkaazi wa miaka ishirini,
Kigiriama chake kinanishinda mimi.
Chupa yake nyekundu, lakiri shingoni. Nikapiga muhuri.
Nyuma yake Mzee Mwaringa wa Kakoneni na mkewe Sidi,
tiketi zao zimelipwa na mtoto aliye Doha,
miaka arobaini ya ndoa,
na kidumu cha lita tano
kinachotoa povu mdomoni kama mtu mwenye habari.

"Kizibo kiko wapi, mzee?"
"Mwanangu, mnazi ukiuziba
utakueleza mbele za watu."
"Wa lini?"
"Wa alfajiri. Na ule wa huyu bwana?"
Nikasoma karatasi. Miaka kumi na mitano.
Akamgeukia Ezio, kwa huruma ya kweli:
"Pole. Mpaka leo hamjaumaliza?"

Nikamwonyesha ukuta. Sheria ni sheria.
Sidi akausoma polepole, kidole juu ya kila neno,
kisha akavuta begi akalikalia,
akatoa mboko mbili na mrija.
"Yasema kubeba mkononi. Na tumboni, je?"
Nikausoma tena ukuta.
Juu ya tumbo, ukuta ulinyamaza.

Basi foleni ikasimama.
Akanywa Mwaringa, akanywa Sidi, akanywa Ezio,
akanywa mama wa Nakuru aliyenificha boksi la divai
ndani ya koti la kuogelea la mtoto
(nilikuwa nimeshaliona).
Honi ikalia mara mbili.
Theluthi ikabaki.
Nikakifunga kidumu kikaratasi, nambari arobaini na moja,
nikakitia stoo pamoja na wafungwa wengine.

Usiku ule nililala zamu.
Chupa zote zilikuwa kimya, zimekaza midomo,
kimoja tu kilinong'ona,
fyuu, fyuu, kifuniko kikipanda.
Niliinuka mara tatu kukilegeza,
mimi nisiyekunywa,
kama mtu anayemgeuza mgonjwa wa jirani.
Kufikia Jumatano kilikuwa kimeacha kusema.

Walirudi wamebabuka pua.
"Tulionja ule wa Ezio," Sidi akasema.
"Mtamu. Lakini umekaa kimya mno,
kama mkwe siku ya kwanza."
Akafungua kidumu, akanusa, akacheka:
"Umekuwa siki. Lete chombo."

Sikuwa na chombo
ila chupa ya shampuu niliyomnyang'anya mtu.
Nikaiosha mara saba.

Nyumbani niliinyunyiza juu ya changu wa kukaanga,
pilipili, chumvi kidogo.
Siki ni halali; nilimuuliza hata maalim.
Ulimi wangu ukashtuka, ukarudia.
Nikala polepole, peke yangu,
nikisikia mbali sana, nyuma ya ukali,
asubuhi ya Kakoneni.